Saa Inayohesabu Hatua

Labda umeona mtu aliyevaa saa ya mkono inayohesabu hatua zake. Simu nyingi za siku hizi zinafanya kazi hiyo pia. Je, chombo hiki kina faida gani?

Kinahesabu namna gani? Ndani yake mna kipande kidogo sana kinachosikia mwendo. Mguu ukikanyaga chini, mwili hutikisika kidogo. Chombo kinasikia mtikiso ule na kuongeza hatua moja. Lakini hakina akili. Ukitikisa mkono umeketi, kinaweza kuhesabu hatua za uwongo. Ukisukuma baiskeli yenye mzigo, mikono imeshika usukani, saa inaweza kukosa hatua nyingi.

Kwa nini tuhesabu? Mtu anayeketi dukani mchana kutwa na kurudi nyumbani kwa pikipiki anaweza kupatwa na ugonjwa wa sukari au wa damu kupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima watembee kwa haraka, au wafanye kazi ya nguvu kama hiyo, dakika 150 au zaidi kila juma. Wengi hudhani wametembea sana, kumbe sivyo. Hesabu huonyesha kweli.

Mwaka 2007 waganga wa Marekani walichunguza tafiti 26. Watu waliovaa vihesabu hatua waliongeza hatua zaidi ya 2,000 kila siku. Lakini waliofaidika hasa ni wale waliojiwekea kipimo cha kufikia. Kuvaa tu hakutoshi.

Je, ni lazima kufikisha 10,000? Hapana. Hesabu hiyo ilienea kwa jina la chombo kilichouzwa Japani mwaka 1965. Uchunguzi wa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliotembea hatua karibu 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700. Kupita 7,500 faida haikuongezeka tena.

Basi, fanya hivi:

1. Hesabu hatua zako kwa juma moja, uziandike kila jioni.
2. Juma linalofuata, ongeza hatua 1,000 kwa siku. Huna chombo? Dakika 10 za mwendo wa haraka ni karibu hatua 1,000.
3. Kama una ugonjwa wa sukari, vaa viatu, na utazame nyayo zako kila jioni. Kidonda kidogo kinaweza kuharibu mguu.
4. Ukisikia maumivu kifuani, simama, uje hospitali upesi.

Usiache dawa zako kwa sababu hatua zimekuwa nyingi. Chombo kinahesabu hatua tu, hakikuponyi.

Na wewe, mama unayelima na kuchota maji kila siku, huhitaji saa hii. Wewe unahitaji kupumzika. Mpe saa hiyo mume wako anayeketi!