Je, Wajua? Dhahabu Katika Kipimo cha Malaria

Mkazi wa Geita au Shinyanga apimwaye malaria zahanatini kwa kipimo cha haraka aghalabu hukutana na dhahabu pasipo kushuka shimoni. Damu yake, kadiri ya mikrolita 5, ikiisha kutiwa matone ya dawa, husafiri bila pampu wala umeme, mithili ya mafuta yapandavyo utambi wa kibatari, na kasi yake hutawaliwa na upana wa vitundu vya utando ulio ndani ya kipimo na kifyonzaji kilichowekwa mwishoni. Njiani huzoa kingamwili zilizofungamana na chembe za dhahabu, ndogo hata rangi yake (ajabu hii!) ni nyekundu, nazo zikinaswa ndizo zichorazo mstari. Mstari wa C, yaani ule wa udhibiti, usipotokea, kipimo ni batili.