Kumbikumbi na Rangi ya Taa Yako

Ndugu mkulima, mvua ya masika au ya vuli ikishanyesha na ardhi ikalainika, kumbikumbi hutoka vichuguuni makundi kwa makundi. Wengi wetu huwaona kuwa ni kitoweo tu, au chakula cha kuku. Lakini yafaa ujue kwamba kumbikumbi ni mchwa mwenye mabawa, aliyetoka kutafuta makao mapya. Akitua huyaangusha mabawa yake. Dume na jike huandamana, wakachimba shimo, na jike huwa malkia wa kichuguu kipya. Walio wengi huliwa na ndege, mijusi na siafu. Lakini wachache wakisalimika karibu na nyumba yako, watoto wao watakula nguzo, milango na magunia ya mahindi.

Ni nani anayewaita nyumbani? Ni taa. Macho ya wadudu warukao usiku si kama yetu. Huona vizuri kijani, bluu na urujuani, na hata mwanga ulio ng'ambo ya urujuani ambao sisi hatuuoni. Nyekundu kwao ni karibu na giza. Ndiyo sababu taa nyeupe, yenye bluu nyingi ndani yake, huwavuta kuliko taa ya manjano.

Kutoka Wasini na Shimoni hadi mashamba ya Shimba Hills, watu wengi sasa hutumia taa za nguvu za jua, na nyingi hutoa mwanga mweupe. Basi jioni ya kumbikumbi fanya hivi:

1. Mlangoni weka taa ya manjano, tena hafifu. Funga madirisha, na zima taa usiyoihitaji.

2. Taa nyeupe itundike mbali na nyumba na ghala, juu ya beseni la maji. Kumbikumbi wataanguka humo.

3. Asubuhi wape kuku, au waondoe mabawa uwakaange bila mafuta, kwani wana mafuta yao wenyewe. Waliotoka mahali palipopigwa dawa usiwale, wala usiwape kuku.

Usidhani taa ya manjano ni ukuta. Usiku wa giza hata mwenge wa nyasi huwavuta, maana ukali wa mwanga nao una nguvu. Kwa hiyo endelea kukagua nguzo zako, na ukiona njia za udongo zikipanda, zibomoe upesi na umwite Bwana Shamba.