Nuru na Uundaji wa Nitrati Baharini: Athari Zake kwa Hesabu za Kaboni

Katika tabaka la juu la bahari, nuru ndiyo inayowezesha usanisinuru wa fitoplanktoni, yaani vijimea vinavyoelea majini. Nuru hiyohiyo, hata hivyo, huwadhuru vijiumbe wengine: wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati. (Istilahi hizi mbili za mwisho hutofautiana kwa irabu moja tu, mhariri asiye makini huweza kuharibu hoja nzima.)

Hatua ya kwanza hufanywa zaidi na arkea. Nitrosopumilus maritimus, ambayo ukuzaji wake maabarani ulitangazwa mwaka 2005, ilipatikana katika tangi la viumbe wa baharini mjini Seattle, Marekani. Hatua ya pili ni ya bakteria, hasa wa jenasi Nitrospina. Makundi yote mawili hupunguza kasi yanapopigwa na nuru kali. Aidha, karibu na uso wa maji fitoplanktoni huyanyang'anya amonia. Sababu hizi mbili hutenda kazi kwa pamoja, na kuzitenganisha kwa vipimo vya baharini si kazi nyepesi.

Ishara mojawapo ya hali hiyo ni tabaka jembamba lenye nitriti nyingi, linaloonekana mahali nuru inapofifia. Katika bahari maangavu ni kina cha takriban mita 100. Maelezo ya kwanza ni kwamba nuru huwalemaza zaidi vijiumbe wa hatua ya pili, hivyo nitriti hubaki bila kugeuzwa. Maelezo mengine ni kwamba fitoplanktoni wenye uhaba wa nuru hufyonza nitrati na kuivujisha ikiwa nitriti. Maelezo hayo hayapingani.

Uzito wa suala hili umo katika hesabu. Mwaka 1967 Dugdale na Goering walipendekeza kwamba nitrati inayotumiwa na fitoplanktoni ihesabiwe kuwa nitrojeni mpya, hasa ile iliyopanda kutoka kilindini, na amonia ihesabiwe kuwa nitrojeni iliyorejelewa. Kwa msingi huo hukadiriwa kiasi cha kaboni kinachoweza kuzama. Msingi huo husimama imara endapo tu nuru hukomesha kabisa uundaji wa nitrati juu. Haikomeshi. Uchambuzi wa Yool na wenzake wa mwaka 2007 ulikadiria kwamba takriban nusu ya nitrati inayotumiwa na fitoplanktoni duniani huundwa karibu na uso wa bahari. Kwa hiyo, kuandika kwamba nuru "huzuia" mchakato huu kunapotosha. "Hupunguza" ndicho kitenzi sahihi, na mshauri wa sera anayenukuu makadirio ya zamani huenda anatia chumvi uwezo wa bahari kuhifadhi kaboni.

Katika pwani ya Tanzania pana njia nyingine. Msimu wa kaskazi huongeza Trichodesmium, bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewa mchana, kwa nguvu ya jua. Nitrojeni hiyo ni mpya, lakini haikutoka kilindini, na kipimo cha nitrati pekee hakiioni.