Hofu Yenye Mlango: Namna ya Kuchagua Vitabu vya Kutisha Kidogo kwa Watoto Wadogo

1. Utangulizi

Yeyote anayefundisha fasihi ya watoto hukutana upesi na vitabu vya picha, vingi vikiwa vya Marekani na Uingereza, ambavyo wahusika wake ni mazimwi, wachawi na vivuli vya wafu. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa miaka mitatu hadi saba. Swali hujitokeza lenyewe: je, yafaa mtoto wa umri huo atishwe kwa makusudi?

Jibu letu ni kwamba yafaa, lakini kwa sharti moja. Hofu hiyo lazima iwe na mlango wa kutokea, na ufunguo wa mlango huo awe nao mtoto mwenyewe. Katika makala haya tutaeleza sharti hilo kwa kutazama vitabu vichache vinavyojulikana, kisha tutaonyesha mahali ambapo mfasiri wa Kiswahili, hasa hapa Kongo, hana budi kusimama na kufikiri.

2. Majira ya vitabu hivi

Vitabu tunavyovizungumzia husomwa zaidi mwezi wa Oktoba. Neno «vuli», ambalo wafasiri hulitumia kwa majira hayo, lisitupoteze. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, vuli ni wakati wa mvua za mwisho wa mwaka. Katika nchi za kaskazini, ni wakati ambapo majani ya miti hubadilika rangi na kupukutika, na usiku hurefuka. Sisi wa Lubumbashi, ambao urefu wa mchana wetu haubadiliki sana, twapata shida kukisia hali ya mtoto wa Chicago au London, ambaye kufikia katikati ya Novemba huona jua likitua kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza linamjia mapema kila juma, naye hulitafutia maelezo.

Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, unaoitwa Halloween. Wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti waliipeleka desturi yake Marekani katika karne ya 19. Siku hiyo watoto hujivika sura za kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Maana ya mchezo huo ndiyo maana ya vitabu vyenyewe: anayevaa sura ya kile kinachomtisha, kwa kitambo kidogo, ndiye anayekitawala.

3. Ufunguo uko mkononi mwa nani?

Kipimo chetu cha kwanza chahusu uwezo wa mtoto. Mfano ulio wazi kuliko yote ni «Go Away, Big Green Monster!» cha Ed Emberley, kilichotoka mwaka 1992. Kurasa zake zimetobolewa. Msomaji anapofunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, huona kwanza macho ya manjano, kisha pua, mdomo wenye meno makali, masikio, nywele, hata uso mzima wa zimwi la kijani ukamilike. Hapo mtoto huanza kulifukuza. Kila ukurasa unaofuata huondoa kiungo kimoja, mpaka zimwi lote litoweke. Mtoto hujifunza kwamba kilichojengwa na mkono wake chaweza kubomolewa na mkono huohuo.

Kipimo cha pili chahusu kurudi nyumbani. Katika «Where the Wild Things Are» cha Maurice Sendak (1963), ambacho Wafaransa hukijua kwa jina la «Max et les Maximonstres», mtoto Max hufanya utundu na kupelekwa kulala bila chakula. Chumba chake hugeuka msitu, naye husafiri baharini hadi kisiwa cha majitu. Huko huyatuliza kwa kuyakazia macho bila kupepesa, huwa mfalme wao, kisha huchoka na kutamani kwao. Akirudi, hukuta chakula chake kikimngojea, na bado kina moto. Mwaka 1969 mtaalamu Bruno Bettelheim alikikosoa kitabu hicho, akiona kwamba kunyimwa chakula na mama ni jambo la kumwogofya mtoto. Lakini watoto wamekipenda kwa miongo sita, na twadhani sababu ni chakula hicho cha moto: hasira ya mama haikuwa mwisho wa upendo wake.

Kipimo cha tatu chahusu sauti. Linda Williams, katika «The Little Old Lady Who Was Not Afraid of Anything» (1986), asimulia habari za bibi kizee anayepita msituni jioni, akifuatwa na viatu vinavyotembea vyenyewe, kisha suruali, shati, glavu, kofia na kichwa cha boga. Kila kitu kina sauti na mwendo wake, na kila kinapoongezeka sauti zote hurudiwa tangu mwanzo. Mtoto akishaujua mpangilio hutangulia kuzitoa mwenyewe, naye anayejua kitakachofuata hawezi kushikwa na hofu nzito. Hatimaye bibi huyo huona njia ya kuvitumia vitu vyote: vyaunganishwa kuwa sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Kitabu hiki chamfaa sana mfasiri wetu, kwa kuwa Kiswahili ni tajiri wa tanakali za sauti, na sanamu ya shambani haihitaji kuelezwa.

4. Picha hutisha kuliko maneno

Mzazi akichagua kitabu kwa kusoma maneno tu atakosea. Alvin Schwartz alitoa mwaka 1981 mkusanyo wa masimulizi ya kutisha, «Scary Stories to Tell in the Dark», pamoja na michoro ya Stephen Gammell. Mkusanyo huo na mingine miwili iliyoufuata ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba za Marekani katika miaka ya 1990. Toleo la mwaka 2011 liliyaacha masimulizi yaleyale likabadili mchoraji, jambo linaloonyesha uzito wa picha. Mtoto mdogo hasomi maneno. Anasoma picha, nayo humfuata hadi kitandani. Basi anayechagua akitazame kitabu kizima peke yake kwanza, akisome na mtoto mara ya kwanza mchana, na amwachie mtoto kazi ya kufunua kurasa. Mtoto akiomba kirudiwe, kitabu kimefaa. Akiufunika uso au akinyamaza ghafula, kifungwe bila kumcheka.

5. Neno moja linaloweza kuumiza

Hapa ndipo tafsiri inapokuwa jambo la hatari. Katika «Room on the Broom» cha Julia Donaldson na Axel Scheffler (2001), mhusika mkuu ni mwanamke mkarimu anayeruka kwa ufagio akiwapakia wanyama anaokutana nao. Kamusi itatuambia kwamba yeye ni «mchawi». Kwa mtoto wa London neno hilo ni vazi la mchezo. Kwetu si mchezo. Tangu miaka ya 1990, katika miji yetu kama Kinshasa na Mbuji-Mayi, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, hata ikabidi Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto iadhibu wanaowasingizia. Mtoto aliyesikia jirani yake akiitwa hivyo hawezi kucheka ukurasa huo, wala hana mlango wa kutokea.

Neno «mzimu» nalo lataka uangalifu, kwani kwa wengi latukumbusha wazee waliotangulia, ambao heshima yao hairuhusu kufanywa kichekesho. Kwa kivuli mwenye haya, kama Georgie wa Robert Bright (1944), anayeliza ngazi za nyumba kila usiku ili wenyeji wajue saa ya kulala, twapendelea neno «kivuli».

Zimwi, kinyume chake, ni mali ya hadithi. Halina jirani anayefanana nalo. Katika hadithi ya zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma, inayosimuliwa kwa namna nyingi katika Afrika Mashariki na Kusini, msichana hutambuliwa kwa sauti yake na kurudishwa kwao. Mlango upo, na ufunguo ni wimbo wake mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri vitabu hivi ianze na vile vya mazimwi.

6. Tamati

Tusichanganye mambo mawili. Kumwambia mtoto «lala, usije ukachukuliwa na zimwi» ni kumfungia ndani ya hofu ili atii. Kumsomea kitabu cha zimwi akiwa ameketi ubavuni mwetu ni kumwonyesha kwamba hofu ina mwanzo, kati na mwisho. Mtoto akitutania kwa sauti ya zimwi siku ya pili, tujue kwamba ufunguo ameupata.