Maji Yameingia Ndani: Kudai Fidia ya Bima ya Nyumba

Kila mvua kubwa ikipita hapa Mombasa, simu yangu haitulii. Mimi ni wakala wa bima, na wengi ninaowahudumia ni watu wa mitaa yetu. Swali huwa ni moja: "Maji yameingia ndani, sasa tufanye nini?" Baada ya mvua za mwisho wa 2023 niliona watu wenye haki yao wakilipwa nusu, na ada walikuwa wametoa bila kuchelewa hata mwezi.

Mkataba wenyewe hugawanywa sehemu. Sehemu A ni jengo: kuta, paa, milango. B ni vilivyomo: makochi, friji, vitanda. C ni vile unavyotoka navyo, kama simu, kompyuta na dhahabu. Mpangaji hana haja na A, hiyo ni ya mwenye nyumba. Upepo uking'oa mabati na mvua ikaharibu makochi yako, wewe wadai makochi. Paa mwachie mwenyewe.

Wenye nyumba zisizo na ardhi, na Mombasa tuko wengi, hudhani bima si yao kwa kuwa kiwanja ni cha mtu mwingine. Si hivyo. Hata mwenye hati ya ardhi halipiwi kiwanja, kwani kiwanja hakiungui. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kulijenga tena jengo. Muhimu ni kumweleza wakala hali ilivyo tangu mwanzo, na kuweka risiti za kodi ya kiwanja pamoja na karatasi za ununuzi au ujenzi.

Ile nusu niliyoitaja yatoka wapi? Tuseme nyumba yako kuijenga upya leo ni shilingi milioni 6, nawe ili ada iwe nafuu ukaandikisha milioni 3. Moto ukiunguza jikoni, hasara ikawa 800,000, usidhani utapewa 800,000 kwa kuwa haijafika milioni 3. Kampuni itasema umekata bima ya nusu ya nyumba, basi italipa nusu ya hasara: 400,000. Kisha itatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba wasema utakibeba mwenyewe. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu kinachoumiza watu kuliko vyote, na mawakala wenzangu wengi hawakielezi kwa kuogopa kumpoteza mteja.

Haya, hasara imeshatokea. Ikiwa ni umeme, zima swichi kuu kabla ya jambo lolote. Piga picha na video kabla hamjaanza kuteka maji: alama ya maji ukutani, kila chumba, kila kitu, hata kile kilichooza. Kisha ijulishe kampuni siku hiyo hiyo, kwa simu na kwa maandishi, ili tarehe ibaki. Hasara isizidi: funika paa kwa turubai, hamisha vilivyo salama, na risiti ya turubai uiweke. Lakini usianze matengenezo makubwa wala kutupa makochi yaliyoloa kabla hayajaonwa. Najua harufu haivumiliki, yatoe uani. Kukiwa na moto, omba ripoti ya zimamoto wa kaunti. Kukiwa na wizi, nenda polisi ukachukue abstrakti.

Kampuni itamtuma mkadiriaji wa hasara. Analipwa na kampuni, hilo ulijue, ila si adui. Mpe orodha iliyoandikwa: kitu, mwaka ulionunua, bei, risiti ikiwapo. Risiti zikiwa zimeloa, picha za harusi zinazoonyesha kabati sebuleni zimewahi kusaidia. Atatafuta chanzo, kwani mafuriko na dhoruba hulipwa zikiwa zimetajwa kwenye mkataba, lakini chumvi iliyokula mabati pole pole kwa miaka ni uchakavu, na uchakavu haulipwi. Mjibu ukweli. Ukiongeza televisheni moja isiyokuwepo, dai zima laweza kukataliwa.

Walio na nyumba huku nao wako Oman au Dubai, someni kifungu cha nyumba kukaa bila mtu. Mikataba mingi hupunguza kinga baada ya siku kadhaa, mara nyingi 30. Ijulisheni kampuni kabla ya safari.

Mwisho utaletewa karatasi ya kutia sahihi ndipo hundi itoke. Karatasi hiyo husema umeridhika na huna dai jingine. Kiasi kikiwa kidogo, usitie sahihi kwa haraka. Omba maelezo kwa maandishi, leta makadirio ya fundi wako, jadiliana. Na ikiwa nyumba ina mkopo, benki huenda ikapokea pesa kabla yako.

Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila sababu inayoeleweka, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatisha nakala ya mkataba, barua zote na zile picha za siku ya kwanza.