Jina la Dukani Si Jina la Kitabuni

Ukizunguka Makole na mitaa ya jirani hapa Dodoma, hukosi kukutana na sabuni ya maji iliyojazwa kwenye chupa za maji ya kunywa, sabuni za mche za mafuta ya alizeti, au mafuta ya ubuyu ya kupaka. Nyingi zinatengenezwa nyumbani kwa maelekezo yaliyopokelewa WhatsApp: ungarol kilo moja, salfoniki nusu kilo, formalin vifuniko viwili. Sasa jiulize: ungarol ni kitu gani hasa? Formalin je? Na kifuniko kimoja ni gramu ngapi?

Majibu yapo, na sehemu kubwa yako kwenye vitabu vya marejeo wanavyotumia wachanganyaji wa vipodozi. Hebu tuone vinavyofanya kazi, na mahali vinapoishia.

Ndani ya kitabu kuna nini?

Mkongwe wao ni Merck Index, ulioanza kutoka mwaka 1889 kama orodha ya kemikali za kampuni ya Merck. Kwa vipodozi hasa, kamusi muhimu ilitolewa Marekani mwaka 1973 na chama cha watengenezaji wa vipodozi. Kutoka humo ukakua mfumo wa majina unaoitwa INCI. Yale maneno magumu nyuma ya chupa ya losheni, kuanzia "Aqua" ambayo ni maji tu, ndiyo majina ya INCI.

Usitegemee kukuta mapishi ya losheni humo. Kila kiambato kinaelezwa kwa jina lake, namba yake, asili yake na kazi yake kwenye mchanganyiko. Basi. Lakini hayo machache yanaokoa ngozi za watu.

Jina moja, kitu kimoja

Ungarol ni jina la biashara lililogeuka kuwa jina la mtaani. Kitabuni kitu hicho kinaitwa Sodium Laureth Sulfate, na kwa kawaida huuzwa kama uji mzito wenye takriban asilimia 70 ya kiambato chenyewe. Muuzaji akishaupunguza kwa maji, bado atauita ungarol, na "kilo moja" yako haitakuwa sawa na ya jirani yako.

Mimea nayo huandikwa kwa Kilatini kwa sababu hiyohiyo. Mafuta ya alizeti ni Helianthus Annuus Seed Oil, ya ubuyu ni Adansonia Digitata Seed Oil. Jina la mmea hubadilika kutoka kabila hadi kabila, la Kilatini halijali uko Kongwa au Kongo.

Namba isiyodanganya

Pembeni ya jina kuna namba ya CAS, ambayo ni kama namba ya kitambulisho cha kemikali. Ya maji ni 7732-18-5. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Zichukue zile nyingine kuanzia kulia, uzizidishe kwa 1, 2, 3 na kuendelea: 8×1 + 1×2 + 2×3 + 3×4 + 7×5 + 7×6 = 105. Jibu linaishia na 5, ndiyo ile 5 ya mwisho. Lebo ya dumu ikiwa na namba isiyokubali hesabu hii, kuna kitu kimekosewa.

Sasa itafute formalin. Utakuta ni maji yenye takriban asilimia 37 ya formaldehaidi, namba 50-00-0. Ndiyo ileile inayohifadhi maiti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 2019. Kwenye maelekezo ya WhatsApp imeandikwa tu "formalin, isiharibike". Aliyeyaandika huenda hana nia mbaya, ila wewe unayeiweka kwenye sabuni ya kunawa mikono ya watoto unapaswa kujua.

Kuwemo kitabuni si ruhusa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kiambato kupewa jina la INCI hakumaanishi kwamba ni salama wala kimeruhusiwa. Haidrokwinoni ina jina zuri tu kitabuni, lakini Tanzania imepigwa marufuku kwenye vipodozi, sawa na zebaki. Ruhusa iko kwenye sheria, na tangu Julai 2019 vipodozi nchini vinasimamiwa na TBS, vilipotoka mikononi mwa iliyokuwa TFDA. Kipo pia kiwango: fenoksiethano, kihifadhi kinachotumika sana, Ulaya inaruhusiwa isizidi asilimia 1. Yaani gramu 10 kwa kilo, si kifuniko.

Hesabu ya sabuni

Mfano wa mwisho. Vitabu huonyesha kila mafuta yanahitaji alkali kiasi gani ili yawe sabuni. Alizeti ni karibu 190, nazi karibu 257. Angalia mtego: hizo ni gramu za potasi haidroksaidi kwa kilo moja ya mafuta. Kwa kostiki soda ya sabuni ya mche, zidisha kwa 0.713. Alizeti itahitaji gramu 135 hivi, nazi gramu 183. Ukichukua maelekezo ya nazi ukaweka alizeti ya hapa kwetu, gramu 48 za kostiki zinabaki bila kazi, na kazi zitakayoipata ni kuunguza ngozi. Watengenezaji makini hupunguza tena asilimia 5, kwa hiyo alizeti inapata gramu 128.

Vitabu hivi ni ghali, lakini huhitaji kuvinunua ili uanze. CosIng ya Umoja wa Ulaya ni bure mtandaoni, inaonyesha jina, namba na masharti ya kila kiambato. PubChem nayo ni bure. Ukiwa na bando na mzani wa jikoni unaosoma gramu, chukua maelekezo uliyonayo leo na mbele ya kila kiambato andika vitu vitatu: jina la kitabuni, namba ya CAS, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Kile utakachoshindwa kukijazia, usikimimine kwanza.