Kapita, Mnyapara na Kiongozi: Lugha ya Uongozi katika Kazi za Kiajaili

Makala haya yanahusu namna ya kukuza stadi za uongozi na usimamizi wa miradi katika mahali pa kazi panapofuata utaratibu uitwao Ajaili. Kwa kawaida suala hilo huachiwa wataalamu wa utawala na wa kompyuta. Hata hivyo, mtu anayefundishwa kuongoza hufundishwa kwa maneno, na maneno ya uongozi katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo yana historia nzito. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa kufundisha stadi hizo, hasa nje ya miji, hutokana na kutumia jina moja kwa madaraka matatu yaliyo tofauti. Mfano utakaofuatwa ni kazi ya kutunza barabara ya udongo huko Itebero, katika eneo la Walikale, Kivu ya Kaskazini.

Ajaili ilipata jina lake Februari 2001, wakati watu 17 wa fani ya programu za kompyuta walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko fupi lenye vipaumbele vinne na kanuni kumi na mbili. Walichokipinga kilikuwa desturi ya kupanga mradi wote mwanzoni, kuandika mpango huo katika vitabu vikubwa, kisha kuufuata hata pale ambapo mambo yamekwisha kubadilika. Badala yake walipendekeza kazi igawanywe katika vipindi vifupi. Kila kipindi kizae kitu kinachoweza kutumika. Anayehitaji kitu hicho akione na kukisema. Na kikundi kijipangie chenyewe namna ya kufanya kazi. Mbinu mashuhuri kuliko zote katika jamii hiyo ni Skramu, ambayo Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliitangaza mwaka 1995. Jina hilo lilitoka katika mchezo wa ragbi, na kabla yao lilikuwa limetumiwa na Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, katika makala ya mwaka 1986 kuhusu utengenezaji wa bidhaa mpya.

Neno lenyewe linaleta tatizo la kwanza. Ajaili hutafsiriwa kwa wepesi, na tafsiri hiyo si kosa. Lakini kwa msikilizaji wa Kiswahili kazi nyepesi ni kazi isiyo ngumu, na mtu mwepesi anaweza kuwa mwenye kasi au mwenye kupuuzwa. Maana inayokusudiwa iko karibu zaidi na ile ya mtu anayepita njia yenye utelezi: anapiga hatua fupi, anaangalia mguu umekaa wapi, ndipo anapiga nyingine. Kwa sababu hiyo makala haya yanalihifadhi neno la kigeni na kuliacha lipate maana yake kwa matumizi.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Katika Skramu, kama ilivyofafanuliwa katika mwongozo wake wa mwaka 2020, yapo majukumu matatu. Yuko anayeamua ni kitu gani kinahitajika na kipi kitangulie. Hapa ataitwa mwenye haja. Wako wanaoifanya kazi, ambao ndio huamua itafanywa namna gani. Na yuko wa tatu, anayehakikisha kwamba utaratibu unaeleweka na kwamba vizuizi vinaondolewa. Huyu wa tatu hana mamlaka ya kumpangia mtu kazi. Mwongozo huo unamweleza kuwa ni kiongozi anayetumikia kikundi. Kikundi kizima kwa kawaida hakizidi watu kumi, kipindi cha kazi hakizidi mwezi mmoja, na kila siku kuna kikao cha dakika kumi na tano.

Mtu akimweleza fundi wa Kivu majukumu haya, kisha akauliza yule wa tatu aitwe nani, jibu linaloelekea kuja kwanza ni kapita. Neno hilo linahusishwa na Kireno, capitão. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, kapita alikuwa mtu aliyewekwa kijijini ili ahakikishe kwamba mpira umeletwa kwa kiasi kilichotakiwa, naye mara nyingi alikuwa na silaha. Baadaye jina lilihamia mashambani, migodini na kwenye barabara, likabaki na maana ya msimamizi wa watu wa mikono. Leo linaweza kutamkwa bila chuki yoyote, pengine hata kwa heshima. Lakini umbo la kazi halikubadilika: kapita huagizwa kutoka juu, huhesabu watu, huhesabu kazi, hupeleka hesabu juu. Anayeitwa kapita atafanya ukapita, hata akipewa semina ya wiki nzima.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye barabara. Itebero iko katika msitu wa ikweta, kwenye Barabara ya Taifa namba 3 inayotoka Bukavu kuelekea Kisangani kupitia Hombo, Walikale na Lubutu. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Barabara ya udongo katika hali hiyo huharibiwa na maji zaidi kuliko magurudumu: mfereji ukiziba, maji hupita katikati ya njia, shimo linakuwa dimbwi, dimbwi linakuwa tope ambamo lori linaweza kulala siku kadhaa. Kwa hiyo kutunza barabara maana yake hasa ni kuyaongoza maji. Katika Kongo utaratibu wa kukabidhi vipande vya barabara kwa kamati za wenyeji, wanaofanya kazi kwa jembe, panga na toroli, unajulikana kwa miaka mingi. Unajulikana pia ule wa kizuizi cha mvua, yaani kuyasimamisha magari mazito kwa saa kadhaa baada ya mvua ili udongo ukauke.

Ichukuliwe, kwa ajili ya maelezo tu, ekipe ya watu tisa iliyokabidhiwa kilomita chache. Mpango wa mwaka unasema mwezi wa kwanza ni kufyeka kando, wa pili kuzibua mifereji, wa tatu kujaza mashimo. Wiki ya pili mvua inabomoa ukingo karibu na daraja dogo la mbao. Kapita aliyezoea kazi yake ataendelea kufyeka, kwa kuwa ndicho kilichoandikwa na ndicho kitakacholipwa. Hakosi kwa uvivu, anatii. Ekipe ya Kiajaili ingekuwa na orodha ya kazi zinazongoja, iliyopangwa upya kila baada ya wiki mbili, na ukingo ule ungepanda juu ya orodha kabla lori halijatumbukia.

Stadi ya kwanza ya kiongozi, basi, ni kuifanya orodha hiyo ionekane. Ubao mmoja na chaki vinatosha: safu ya zinazongoja, safu ya zinazofanywa, safu ya zilizokwisha. Safu ya katikati ndiyo inayofundisha. Kazi zikiwa nyingi humo, maana yake watu wameanza mengi na hawajamaliza lolote. Kiongozi hujifunza kukataa kazi mpya hadi moja itoke. Safu ya tatu nayo inadai makubaliano ya lugha. Mfereji umekwisha lini? Umekwisha ulipochimbwa, au maji yalipopita bila kusimama? Kikundi kisipolijibu swali hilo mapema, kila mtu atakuwa na maana yake ya kitenzi kwisha, na ugomvi utakuja siku ya malipo.

Stadi ya pili ni kikao cha kila siku, nacho ndicho kinachoharibika upesi kuliko vyote. Kusudi lake ni wafanyakazi wenyewe kuelezana jana wamefika wapi, leo wanaelekea wapi na kitu gani kinawazuia. Mahali ambapo kapita ndiye anayekiendesha, kikao hugeuka kuita majina. Watu hujibu wakimtazama yeye, hawatazamani. Anayesema amezuiwa huonekana mvivu, kwa hiyo hakuna anayezuiwa, na toroli lenye gurudumu bovu hubaki bovu mwezi mzima. Njia ya kufundisha hapa ni ya vitendo: uendeshaji wa kikao upokezwe kwa zamu, akiwamo kijana wa mwisho kuajiriwa na mwanamke anayepika mchanga wa jasho kama wengine lakini hazoei kuulizwa, na msimamizi asimame kando ya duara, asiwe katikati. Inaweza kuonekana jambo dogo. Katika mazingira ambamo salongo ya miaka ya 1970 na 1980 iliwazoeza watu kwamba kazi ya pamoja ni kuonekana umefika, si dogo hata kidogo.

Je, Kiswahili kina neno jingine? Historia ya misafara ya karne ya 19 inaonyesha kwamba kilikuwa nalo. Katika misafara iliyotoka pwani na Unyamwezi kwenda bara, hadi Tanganyika na Maniema, mwenye mali alikuwa mmoja, wanyampara waliosimamia vikundi vya wapagazi walikuwa wengine, na kirangozi, ambaye jina lake lina uhusiano wa wazi na kuongoza, alikuwa mwingine tena. Kirangozi alitangulia njiani na bendera. Richard Burton, aliyesafiri humo miaka ya 1857 hadi 1859, anaeleza kwamba aliyemtangulia alitozwa faini. Miongoni mwa Wanyamwezi kirangozi aliweza kuchaguliwa na wapagazi wenyewe. Yeye hakuwa mwenye pembe zilizobebwa. Ujuzi wake ulikuwa njia, maji, mahali pa kulala na mwendo ambao watu wangeuweza.

Haifai kuipamba misafara hiyo. Ilibeba pembe za ndovu, na mingine ilibeba watu waliotekwa. Kumbukumbu yake katika Maniema na kando zake ni chungu. Thamani yake hapa ni ya kimsamiati. Yanaonekana madaraka matatu yenye majina matatu, na katika hayo jina kiongozi lilimhusu anayejua njia, si anayemiliki mzigo wala anayehesabu vichwa. Mabadiliko ya baadaye yaliliinua neno kiongozi hadi kwa mawaziri na marais, na mnyapara akashuka hadi gerezani na kwenye mashamba. Kwa mkufunzi wa Ajaili, mwongoza njia ni jina linalofaa kuliko kapita kwa yule wa tatu: linaeleweka bila kufafanuliwa, na halina fimbo ndani yake.

Linabaki jina la mwenye haja, na hapa suala si msamiati peke yake. Nani ni mwenye haja ya barabara ya Itebero? Mfadhili anayelipa? Ofisi inayotoa mkataba? Dereva wa lori? Mama anayepeleka mafuta ya mawese sokoni? Mbinu inadai mtu mmoja aseme kipi kitangulie, lakini anayesema lazima awe amewasikiliza wengine. Mfano mzuri wa kusikiliza huko ni wa Kenya. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom, pamoja na asasi ya mikopo ya Faulu, walianza kujaribu njia ya kutoa na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waliopewa simu hizo wakazitumia kwa jambo jingine: kutumiana fedha. Wasimamizi wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya. Badala yake waliibadilisha huduma, na M-Pesa iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya kutuma fedha. Hakuna haja ya kudai kwamba walifuata Skramu. Ila walimruhusu mtumiaji aubadilishe mpango, na hicho ndicho kiini.

Mkataba, kwa upande wake, hauruhusu kirahisi. Miradi mingi ya Kivu huandikwa kwa jedwali la mantiki, chombo kilichobuniwa kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani mnamo 1969, ambamo matokeo na shughuli hutajwa kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa. Mwongoza njia wa Itebero hawezi kulifuta jedwali hilo. Anachoweza kujifunza, na ni stadi ya tatu, ni kujadiliana mapema ili mkataba utaje hali ya barabara, kwa mfano kwamba lori lipite, badala ya mita za mfereji. Wala si kila kitu kinafaa kupangwa upya kila wiki mbili. Magogo ya daraja hukadiriwa mara moja na kwa hesabu kamili. Anayejaribu Ajaili juu ya mto atalipa kwa maisha ya watu. Na siku ambapo bunduki zinasikika, orodha yote huwekwa chini.

Mwishoni mwa kila kipindi kuna kikao ambacho kikundi hujitazama. Wengi hukiita tathmini, na jina hilo hukiua, kwa sababu katika miradi tathmini hufanywa na mgeni anayeshuka kwenye gari akiwa na karatasi. Baraza, au barza kama inavyotamkwa Kivu, lina joto zaidi, lakini barazani wazee huamua na vijana husikiliza. Kujisahihisha ni neno la darasani, refu kidogo, lakini mtendaji na mtendwa wake ni yule yule, na kwa ekipe ya watu tisa yenye ubao mmoja linaelekea kufaa.